Moyo unaenda mbio, vipimo vyote safi, wakuu hii ni nini hasa?

Fundi Alminiamu
Habari za humu wakuu. Naombeni nisikejeliwe maana nyumbani nimeshakejeliwa vya kutosha. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, nafanya kazi za madirisha na milango ya alminiamu huku Kimara, sigara sivuti, bia ni za msimu tu. Tangu mwishoni mwa mwaka jana kuna kitu kinanijia ghafla, naweza kuwa nimekaa zangu naangalia mpira au nimesimama ndani ya mwendokasi, moyo unaanza kupiga mpaka shati linatikisika, jasho, mikono inatetemeka, vidole na midomo vinakufa ganzi, kifua kinabana, hewa naiona haitoshi, na kichwani linakuja wazo moja tu kwamba leo ndio nakufa. Kinakaa dakika kadhaa kinapungua, kisha nabaki mwili hauna nguvu, siku nzima imeharibika.

Nimepima presha, sukari, ECG (umeme wa moyo), ECHO (altrasaundi ya moyo), eksirei ya kifua, FBP (picha kamili ya damu), figo, ini. Vyote safi. Daktari wa mwisho kanipa bahasha yangu kaniambia kijana upo fiti, una mawazo, nenda kapumzike. Mawazo gani sasa wakati mimi sina mawazo?? Hela imeishia kwenye vipimo, wife kanuna, mama yuko Handeni anasema nimetupiwa kitu kwa sababu juzi tu nimenunua kiwanja. Nauliza, kuna mtu alishapitia hii ikaisha? Na kuna kipimo gani cha moyo kikubwa zaidi ya ECHO, jamaa mmoja ananiambia kuna CT ya mishipa ya moyo, mwenye kujua bei anisaidie.

mtu_baki
Vidonda vya tumbo hivyo mkuu. Gesi ikipanda inabana moyo. Pima H pylori, wale bakteria wa tumboni, uje unishukuru.

Fundi Alminiamu
Nilipima wakakuta nao, nikameza dozi yote. Tumbo limetulia, moyo uko palepale.

Mzizi Mkavu
Hiyo ni damu chafu inazunguka vibaya, nina unga wa miti saba, njoo PM.

Kinyozi Msomi
Huyu na unga wake jamani. Uzi wa nguvu za kiume unga huohuo, uzi wa uzazi unga huohuo, leo moyo. Mods mpo?

Mpemba Mtulivu
Asalaam aleikum. Ndugu yangu, bi mkubwa asibezwe, anasema kwa mapenzi. Soma zako adhkari asubuhi na jioni, hilo halina hasara. Lakini nikwambie, huku kwetu yupo shekhe anasomea watu, mtu akimueleza haya uliyoyaeleza wewe anamsomea kisha anamwambia na kesho uende spitali. Wewe spitali umekwenda, ila naona umekwenda upande wa moyo peke yake.

Tabibu wa Kata
Mkuu Fundi, mimi ni tabibu kituo cha afya mkoani, watu wa aina yako nawaona sana na wengi wanaingia wameshika bahasha kama hiyo yako. Siwezi kukupa jina la ugonjwa bila kukuona ila maelezo yako yanafanana mno na mashambulio ya hofu. Ngoja nieleze taratibu maana neno "una mawazo" ndio linawakera watu wanaondoka wakaanze kutafuta kipimo kingine.

Mwili una mfumo wa hatari. Ukikoswakoswa na bodaboda hapo Kimara Korogwe adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, unapumua harakaharaka, jasho linatoka, damu inaelekezwa kwenye misuli ili ukimbie. Shambulio la hofu ni mfumo huohuo umewaka bila bodaboda kuwepo. Kwahiyo moyo unaenda mbio KWELI, hudanganyi na wala hujitungi. Na ile ganzi ya vidole na midomo inatokana na kupumua haraka kupita kiasi, unatoa hewa ukaa nyingi mpaka kiwango chake kwenye damu kinashuka, hapo ndio unapata ganzi, kizunguzungu, kifua kubana, na cha ajabu unahisi hewa haitoshi wakati oksijeni unayo tele. Ukipimwa oksijeni muda ule utakuta 98 au 99.

Kawaida linapanda likafika kileleni ndani ya kama dakika kumi halafu linashuka lenyewe. Ndio maana watu wengi wakifika emajensi wanakutwa wazima, wanaonekana waongo.

Kupima ulipima vizuri na ilikuwa lazima. Kama hujapima tairoidi, ile tezi ya shingoni, pima, kwasababu ikizidi kufanya kazi inaleta moyo kwenda mbio na kutetemeka hivihivi. Upungufu wa damu FBP imeshakujibu. Na kwa wengine wanaosoma, msije mkachukua huu uzi mkaacha kwenda hospitali: maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi au kubeba mzigo na kutulia ukipumzika, kuzimia katikati ya mazoezi, au ukoo wenu una vijana waliofariki ghafla, hayo ni ya daktari wa moyo. Ila Fundi CT ya mishipa usiende kununua kama pea ya viatu. Ni kipimo cha kuandikiwa.

Fundi Alminiamu
Nashukuru tabibu, umeeleza vizuri kuliko wote niliowalipa. Ila sijaelewa kitu kimoja. Kama ni hofu mbona inanikuta nimetulia, sina ugomvi na mtu, naangalia mpira tena timu yangu inaongoza?

chuma cha reli
Mwanaume mzima unatetemeka kwenye basi. Zamani wazee wetu walikuwa hawana haya magonjwa, kazi ngumu na ugali basi. Acha uoga.

Kinyozi Msomi
@chuma cha reli zamani ipi hiyo? Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 mpaka 1865, wanajeshi walikuwa wanapelekwa hospitali na moyo kwenda mbio, kifua kubana, pumzi fupi, wakipimwa moyo hauna kitu. Daktari Jacob Mendes Da Costa akawachunguza kama mia tatu hivi akaandika makala yake 1871. Hao ni watu walikuwa wanapigana na mizinga, waite waoga basi. Na wazee wetu walikuwa nayo sana tu, wakiitwa wana presha ya kushuka na kupanda, au wana shetani, babu anapigiwa ngoma wiki nzima.

chuma cha reli
Sawa profesa

Tabibu wa Kata
Fundi swali lako zuri. Inakukuta umetulia kwasababu ukitulia ndio unausikia mwili. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Oxford anaitwa David Clark alieleza huu mzunguko na mpaka leo ndio tunaofundishwa. Moyo umeruka kidogo, labda umenyanyuka haraka au timu imekosa goli au umekunywa kahawa. Mwingine hata hasikii. Wewe unasikia, akili inatafsiri "moyo huu unasimama", tafsiri hiyo inamwaga adrenalini, moyo unazidi, unasema si unaona, inamwagika nyingine. Ndani ya dakika mbili upo kwenye shambulio kamili. Kilichouwasha moto sio moyo, ni ile tafsiri.

Sasa nikuulize na unijibu kweli. Unajipima mapigo mara ngapi kwa siku? Unakunywa enaji? Na kabla hii kitu haijaanza kulitokea nini?

Fundi Alminiamu
Mapigo dah. Nilinunua saa ile inayoonyesha mapigo kwahiyo naangalia angalia. Usiku pia nikiamka. Mashine ya presha ipo chini ya kitanda. Enaji nakunywa saiti, moja asubuhi moja mchana ile ya chupa. Kabla haikutokea kitu, maisha ya kawaida.

Mama Watatu
Kaka Fundi pole sana na mpe pole wifi yangu pia. Nasema hivyo maana mimi ndio nilikuwa huyo wife aliyenuna. Mume wangu alipata hii miaka ya nyuma, nilikuwa nashtuliwa usiku wa manane mama nanihii nakufa, tunakodi bajaji, tunafika, ECG, mzima, tunarudi alfajiri watoto hawajaandaliwa shule. Mwanzo unalia nae. Baadae unachoka unaanza kuwaza labda ana mtu nje anatafuta sababu ya kutoka usiku, nacheka sasa hivi ila niliwaza hivyo kabisa.

Kilichotusaidia ni kwamba niliitwa mimi pia siku ya kliniki. Yule dada mwanasaikolojia akaniambia vitu viwili nilivyokuwa nafanya vyote vinamuumiza. Nikimwambia "huna kitu acha kudeka" anaogopa peke yake. Nikikurupuka kutafuta bajaji namthibitishia kwamba kweli anakufa. Nikaambiwa nikae nae, nimwambie ni ile hofu, imeshakuja ikaondoka huko nyuma, na hii itaondoka, tusubiri pamoja. Nisimpime presha, nisimshike kifua kusikiliza, sio kila dakika unaendeleaje. Aisee ni ngumu, mtu analoa jasho mbele yako na wewe umekaa unaongelea ada ya shule. Lakini yalianza kufupika.

Na swali la tabibu hujalijibu vizuri. Mume wangu nae alisema hakuna kilichotokea. Kumbe mdogo wake alikuwa ICU mwezi mzima. Hakuna mtu aliyefariki karibu yako?

Fundi Alminiamu
Sasa dada hilo ni kama limepita lakini ngoja niseme. Kuna jamaa tulikuwa tunafunga nae vioo, kazi zote kubwa tunashirikiana, mtu wa mazoezi kabisa. Aliamka mzima, akaoga, akakaa kitini kufunga viatu aje saiti Goba mimi nipo namsubiri na mashine ya kukatia iko kwake. Nampigia simu hapokei, nikawa natukana kwenye meseji. Mchana ndio napigiwa na shemeji. Wakasema moyo. Miaka 36.

Tukamsafirisha mpaka Iringa, mimi ndio nilikuwa nashika daftari la michango, kurudi nikaendelea na kazi maana mteja wa Goba alikuwa ananisumbua. Hii kitu ilianza kama baada ya mwezi. Sikuwahi kuiunganisha kwasababu msibani nilikuwa sawa kabisa, sikulia wala nini.

Mpemba Mtulivu
Innaa lillahi. Allah amrehemu. Msiba huu hukuulia wewe, uliufanyia kazi.

mtu_baki
Mkuu pole aisee. Nafuta habari za gesi.

Bint Likoni
Niko Mombasa na hii kitu naijua kabisa. Yangu ilinipatia kwa feri. Ikishaanza kuvuka huwezi kushuka, maji kila upande, watu wamejaa, nkadhani ndio mwisho. Tangu siku hiyo nkawa sivuki, na kazi yangu iko upande wa mjini! Nkaanza kuzunguka na matatu za Dongo Kundu nafika ofisini nimechelewa, nalipa nauli ya ajabu, nawaambia watu feri ina msongamano. Halafu ikawa hata matatu siingii kama haina kiti karibu na mlango. Kanisani nakaa nyuma. Supamaketi naogopa foleni ya kulipia. Dunia inakuwa ndogo hivyo pole pole na wewe wajiona ni mtu makini tu.

Nilienda kwa mtaalamu hospitali ya serikali, akanipatia mazoezi mengine nkadhani huyu mama ni mwendawazimu yeye mwenyewe. Ananizungusha kwa kiti nipate kizunguzungu. Ananiambia nipumue kwa mrija wa soda. Nikimbie papo hapo mpaka moyo upige. Kisha anauliza, sasa umekufa? Kumbe ni kuufundisha mwili kwamba hizo hisia si kifo. Baadae ikawa feri, kwanza nasimama tu pale nikiangalia, siku nyingine navuka nikiwa na dada yangu, halafu peke yangu, na sheria moja, usitoke wakati hofu imepanda, ngoja ishuke ukiwa bado ndani. Ukikimbia ikiwa juu, akili yasema umepona kwa sababu umekimbia.

Mkuu Fundi, wewe mwendokasi bado wapanda?

Fundi Alminiamu
Nimeacha. Naenda na bodaboda au nachukua kirikuu cha mzigo nakaa mbele.

chuma cha reli
Kwa hiyo mtu anaogopa kufa anapanda boda Morogoro Road, haya

Bint Likoni
😂😂 hapo umesema ukweli

Jirani Mwema
Mtu akipatwa apumulie kwenye mfuko wa rambo, inatuliza haraka, nimeona kwenye video.

Kinyozi Msomi
Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019 mkuu, atakamatwa na hofu yake.

Tabibu wa Kata
Haishauriwi tena hiyo ya mfuko. Kama kumbe ni pumu au moyo wenyewe utamnyima mtu oksijeni. Pumua taratibu kwa pua, toa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, inatosha. Na hata hiyo usiifanye kama hirizi kwamba bila hiyo utakufa.

Fundi, kwa ulichoeleza kuhusu rafiki yako mimi naona picha yote, lakini nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili na kwa Dar Muhimbili wapo pia. Enaji acha, usiache ghafla zote kama unakunywa mbili kila siku maana utaumwa kichwa, punguza. Bia pia angalia, jioni inatuliza kweli ila ikiisha mwilini saa tisa usiku inakuamsha na moyo unadunda.

Fundi Alminiamu
Hapo kwenye kitengo cha akili ndio kuna shida. Mtaani kwetu ukionekana huko umeisha, watasema kapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mteja gani ataniachia funguo za nyumba yake? Nilikuwa nafikiria ninunue tu valiamu duka la dawa, kuna dogo ananiuzia bila cheti.

Tabibu wa Kata
Usinunue. Valiamu inafanya kazi haraka na hapo ndio mtego ulipo, mwili unaizoea ndani ya wiki chache, unahitaji zaidi, ukiacha hofu inarudi kubwa kuliko ya mwanzo. Nimeshapokea watu wanatetemeka na wengine degedege kwa kuacha ghafla. Dawa zinazotumika kwa hili ni za jamii ya setralini au fluoksetini, hazileweshi, na wala huwi teja. Lakini zina tabia yake, wiki mbili za mwanzo unaweza kujisikia hofu imeongezeka kidogo, watu wengi wanaacha hapo wakisema dawa imewakataa. Nafuu inaanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya sita, na ukipona unaendelea nazo miezi kadhaa kisha unapunguziwa na daktari, hukatishi mwenyewe. Na sio kila mtu anaanzishiwa dawa, wengine mazungumzo na mazoezi kama ya Bint Likoni yanatosha.

Kuhusu kuonekana, unakaa benchi na watu wenye kifafa, wanafunzi wa chuo, wamama waliojifungua, na askari. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 301 wenye matatizo ya hofu mwaka 2019, ndio yanayoongoza kwa wingi kati ya magonjwa ya akili yote, na wanaopata matibabu ni kama mmoja kati ya wanne. Huyo mteja wako mwenye funguo labda nae anazo dawa kwenye droo.

Mama Watatu
Na nyie mnaoona aibu kabisa, sio lazima uanze na daktari. Zimbabwe kuna bibi wanakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wamefundishwa kusikiliza, mpango ulianzishwa na daktari Dixon Chibanda Harare mwaka 2006 na umeshafika mpaka Zanzibar. Sisi bibi zetu tunao wamejaa, tunawatumia kulea wajukuu tu.

Halafu kaka Fundi, mueleze mkeo habari ya rafiki yako kama ulivyoeleza hapa. Naapa hajui.

Mzizi Mkavu
Unga bado upo, bei imepungua

Kinyozi Msomi
😂😂😂 huyu jamaa hana hofu yoyote

Fundi Alminiamu
Wakuu narudi na mrejesho maana nachukia nyuzi ambazo mtu anapotea. Tairoidi nimepima, safi. Nimeenda kitengo, nilivaa kofia na barakoa kama mwizi, mtu wa kwanza kukutana nae pale kwenye korido ni fundi umeme wangu wa saiti, tukaangaliana wote tukacheka. Daktari kasema ni tatizo la mashambulio ya hofu na kuna msiba haujaliwa. Kaniandikia setralini nusu kidonge kwanza, na kila wiki naonana na mwanasaikolojia. Siku za mwanzo kweli nilikuwa kama nimemeza kahawa ya debe, kama sio kuambiwa hapa ningeitupa.

Saa ya mapigo nimempa wife, mashine ya presha ameificha, sijui iko wapi na nimeitafuta mara moja nikiri. Nimemwambia yote. Alinyamaza muda mrefu kisha akauliza kwanini sikulia Iringa, nikamwambia nilikuwa nahesabu hela za watu. Zile meseji nilizomtukana jamaa asubuhi ile bado zipo kwenye simu, mwanasaikolojia kaniambia nizilete wiki ijayo tuzisome.

Mashambulio bado yanakuja, juzi limenikuta kwenye ngazi nimeshika fremu, nikashuka nikakaa kwenye mfuko wa saruji likapita, nikapanda tena nikamaliza kufunga. Mama nimemwambia naendelea na maombi na dawa pia, amekubali ila anataka tuuze kiwanja.

Bint Likoni
Hongera kaka! Kiwanja usiuze 😂 Mwendokasi je?

Fundi Alminiamu
Kazi ya nyumbani niliyopewa ni Kimara mpaka Ubungo, asubuhi sio saa ya msongamano, bila kusimama mlangoni. Nitaenda Jumanne. Wife anasema atapanda basi la nyuma yangu, nimemuuliza tabibu wangu kama inaruhusiwa kasema wiki ya kwanza tu.

Mgeni Jukwaani
Samahani wakuu, nina mimba ya miezi mitano na nina dalili zote alizoandika Fundi, hizo dawa natumia au zinadhuru mtoto?

Tabibu wa Kata
Dada usianze wala usiache dawa yoyote kwa kusoma humu. Ukienda kliniki ya wajawazito mwambie nesi dalili zote kabla hajakupima presha, usisubiri akuulize. Mimba yenyewe inaongeza mapigo na upungufu wa damu unaleta hayohayo, kwahiyo wataanza na damu. Kama ni hofu, matibabu yapo na daktari atapima faida na madhara pamoja na wewe. Kliniki yako ni lini?

Mgeni Jukwaani
Alhamisi

Tabibu wa Kata
Nenda kesho, usingoje Alhamisi. Ukiulizwa sema moyo.